Jina la Pili Kwenye Hati ya Nyumba ya Mama

Sib, Maskati

Kaka Danson,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikiomba barua hii iwakute wazima. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia ulianguka ukipaka rangi kanisani na bado unatembea umejikunja. Mimi mwili mzima. Joto limeanza kupungua, na saluni imejaa wateja kwa sababu ya harusi. Haya yote ningekwambia kwa simu, lakini hii ni wiki ya pili hupokei, na sababu naijua. Ndiyo maana naandika. Mwenzangu anayekuja likizo atakukabidhi mkononi.

Unakumbuka nilikwambia kaunti imetangaza punguzo la kodi ya ardhi kwa nyumba wanamokaa wazee? Nikasema nitaomba mwenyewe kwenye mtandao, kwa kuwa nyumba ya Mama, hii ninayoilipia mkopo wa benki, ina majina mawili, langu na lako. Ukasema hilo punguzo halina maana, niache. Nikadhani ni uvivu wako tu.

Nilijaza fomu nikiwa kazini. Nikaandika nambari ya kitambulisho chako, ikakataliwa. Nikarudia mara tatu, ikakataliwa tu. Basi nikampigia karani wa kaunti, nikamwambia mtambo wao una shida. Alikuwa mpole. Akaniomba nambari ya kiwanja, akatafuta, kisha akasema, "Dada, mmiliki wa pili si Danson. Ni Dishon Mwanyumba, naye ni lazima afike ofisini atie saini."

Nilimwambia arudie kusoma. Akarudia, jina la Baba lile lile.

Kaka, miaka yote hii barua za benki zimekuwa zikija na "D. Mwanyumba", na mimi naona jina lako. Nilipotia saini karatasi zangu, nafasi ya pili ilikuwa tupu, ukaniambia utaijaza wewe. Nimekusifu kwa watu. Nimesimama mbele ya wenzangu kwenye ibada nikasema baba alituacha, lakini Mungu alinipa kaka aliyenidhamini Mama akapata nyumba. Kumbe nilikuwa nasema nini?

Sijui nilikaa na simu mkononi kwa muda gani. Nilikuwa nimempaka mteja dawa ya nywele, bibi harusi, nikamsahau. Bi Zuwena, mwenye saluni, ndiye aliyekuja kumwosha haraka, na nywele zikatoka nyekundu kuliko alivyotaka. Mama huyu ni Mwomani wa Unguja, si mtu wa maneno mengi, na nilijua kazi imekwisha. Lakini baada ya mteja kuondoka alinikalisha akaniuliza nani amekufa. Nikamweleza. Akauliza kama baba yangu yuko hai na kama nambari yake ninayo. Nikasema yu hai, ila sijazungumza naye tangu nimalize shule. Akasema, "Mimi nnakwambia, mpigie. Hiyo fomu haisainiwi kwa hasira."

Nambari yake sikuwa nayo. Niliipata kwa shangazi wa Taveta, naye hakuuliza kitu. Baba alipokea, kuku wakilia nyuma yake, nikasema ni Wakesho. Nilikuwa nimepanga maneno makali, Kaka, tena mengi. Yaliyotoka ni, "Kwa nini uko kwenye nyumba ya Mama?"

Alijibu taratibu. Alisema benki ilikukataa kwa ajili ya ule mkopo wa pikipiki ambao hukuumaliza, ukaenda kwake ukilia, akakubali kutia saini kwa sharti moja, kwamba nisiambiwe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Ungeikataa nyumba, mama yenu angeendelea kulala kwenye ile inayovuja."

Ningeikataa kweli. Wewe unanijua.

Kisha akaniuliza fomu yenyewe inatakiwa lini, kama vile tumezungumza jana. Kesho yake alipanda gari mpaka Voi, akaenda ofisini na kitambulisho chake, akatia saini, akarudi kwake siku hiyo hiyo. Karani aliniandikia kwamba ombi limekubaliwa, na kwamba mzee alimwuliza iwapo anaweza kuondoa jina lake abaki binti peke yake. Aliambiwa hilo lina utaratibu mrefu. Akasema atarudi.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Mama polepole, nikiogopa presha yake. Nilipofika kwenye jina, akanikatiza. "Najua, mwanangu. Alitia saini hapa hapa sebuleni kwa jirani, mimi nikimwangalia." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Basi nyote mlijua. Mama alijua, jirani alijua, shangazi bila shaka alijua. Mimi ninayelipa ndiye niliyefichwa. Nimekasirika nawe, Kaka, na hasira hii itachukua muda kuisha, usijidanganye. Lakini kinachonishtua zaidi si uongo wako. Ni kwamba watu watano mlikaa mkapanga namna ya kunipitishia kitu chema bila mimi kukiona, kwa sababu mlijua nikikiona nitakivunja. Sikujua kwamba mimi ni mtu wa kuogopwa hivyo nyumbani.

Pokea simu. Sitakupigia kelele. Nataka tu unieleze alivyokuwa siku ile uliyokwenda kwake.

Nisalimie shemeji, umwambie kitenge chake kiko ndani ya mfuko huu. Watoto wabusu. Mama mpe shikamoo yangu, na shangazi wa Taveta vilevile. Jirani mwambie nimesikia habari ya sebule yake. Na Baba, sijawahi kumweka kwenye orodha hii, wala sijui anakaa nafasi ya ngapi. Ukimwona, mwambie nimesema asiliondoe jina lake.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho