Salama ya Jana

Jumatano, Novemba 2007, Moshi. Mawingu yameficha mlima wote.

Kaka yangu Elia yuko juu huko, anaongoza wageni. Wakifika kambini hutuma ujumbe kwa simu ya setilaiti. Unaingia kwenye seva ya kampuni ya ng'ambo, kisha unaonekana kwenye ukurasa niliotengeneza mimi hapa ofisini. Brauza, programu ya kufungulia kurasa, inakataa kuchota habari kutoka seva ya wengine, lakini skripti, yaani kijiprogramu kidogo, inaipitisha bila hata kuiuliza inatoka wapi. Basi kila baada ya dakika chache ukurasa wangu unaita skripti mpya kutoka kule, na mstari unabadilika wenyewe. Nilijiona fundi kweli.

Mama yuko kihambani, shambani kwetu Machame, intaneti haijui. Mama mdogo hufungua ukurasa kazini kwake Dar, halafu anampigia kumsomea.

Tangu jana mchana mstari ni ule ule: "Wote salama."

Leo ndiyo nimeelewa. Seva ya kule haijibu, na skripti isipofika brauza hainung'uniki, inaacha maneno ya zamani yakae pale pale. Jana mama alilala vizuri kwa habari iliyochacha, na aliyempa ni mimi.

Nimeogopa, jamani.

Nimerekebisha. Skripti isipofika, ukurasa uandike: "Hatuna habari mpya." Bosi hakutaka, eti ndugu za wageni watapata presha. Nikamwambia mimi ninayo tayari, nikaiweka hivyo hivyo.

Haikupita muda, mama mdogo akapiga.

"Mbona inasema hamna habari? Dada yangu nimwambie nini?"

"Mwambie hatuna, mama mdogo."

Akasema, "Haya, mwanangu," kwa sauti ambayo sikuipenda.

Simu ya Elia haipatikani. Huiwasha wakati wa kutuma tu, kutunza betri. Getini, wanakoanzia kupanda, wanasema juu kuna mvua kubwa, hawajui zaidi.

Huenda ni seva tu. Seva huzimika kila siku, si ndiyo? Mbona basi naufungua ukurasa kila dakika?

Elia, tuma chochote. Hata ukinitukana, nitakiacha kisomwe na dunia nzima.