Jina la Mama kwa Gakii

Jumanne jioni

Kumbe si uvivu. Daktari amesema damu inaonyesha kinga ya mwili wangu yenyewe inashambulia tezi ya shingo, ndiyo maana nachoka hivi na nywele zinabaki kwa kitana. Nilishukuru kusikia kuna dawa. Kisha akauliza kama kwetu kuna mtu mwenye ugonjwa wa akili.

Nikamwambia ni mama, kule Githongo. Kuna miezi hatoki kitandani, na kuna mingine halali kabisa, anapalilia kahawa akiimba. Daktari akasema wakati mwingine magonjwa haya mawili hutembea katika ukoo mmoja, lakini si lazima mtoto ayapate. Hilo "si lazima" nimelishikilia.

Kufika nyumbani, nikamkuta binti yangu Gakii akicheka na kurukaruka. Mama mkwe akasema, "Angalia! Huyu ni mama yako kabisa. Si mlimpa jina lake?"

"Mama, tafadhali usiseme hivyo."

"Kwani nimetukana? Mtoto hufuata jina."

Ni kweli tulimpa. Kwetu binti wa pili huitwa jina la mama ya mke, na siku tuliyompa nililia kwa furaha. Leo naliogopa hilo jina. Naogopa hata akicheka sana.

Baadaye, akichezea unga jikoni, nikajaribu kumwita kwa jina lake la kanisa. "Faith! Faith, kuja."

Hakugeuka.

Nikaita tena, "Gakii." Akaja mbio, mikono imejaa unga, akanikumbatia shingo pale pale penye hiyo tezi.