Mshono wa Baba Kwenye Pare-choc

Likasi, 14 Julai 2024

Kwa yaya wangu Évariste, kaka yangu mkubwa, huko Kolwezi,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana anayeisoma wima atatafuta kiti kabla haijaisha. Hujambo? Gertrude hajambo? Watoto wanakula vizuri? Sisi hapa tunapumua tu, na vumbi la kiangazi limeingia mpaka kwenye bukari, ugali wetu wa kila siku.

Nimempa Jimmy, dereva wa taxi-bus, akuletee mkononi. Simu ninayo, na namba yako mpya uliniachia mimi peke yangu, lakini kuna maneno ambayo mdomo wangu ungeyameza.

Tuanze na gari lako. Unakumbuka Jumapili ya Pasaka, ulipoamka mchana ukakuta pembe ya pare-choc, ile plastiki ya mbele, imepasuka. Ufa wa shubiri moja tu! Kelele zako ungedhani umevunjwa mguu. Baba akasema ni kinga yake, ile baiskeli ya kubebea magunia ya makala ya kupikia, ndiyo iliyogonga. Ukamjibu mbele ya majirani kwamba mzee asiyeona anapopita akae ndani na kuku. Halafu ukamtaka apige magoti na kupiga makofi, kama mtoto anavyomwomba babake msamaha. Tangu lini mzazi anampigia magoti mtoto wake? Mama Jaël, jirani yetu, alifunika uso kwa kitenge. Baba akapiga magoti, yaya. Makofi yake matatu nayasikia mpaka leo.

Kesho yake, wewe ukinywa chai, alipasha msumari motoni, akatoboa matundu pande zote mbili za ufa, akaushona kwa waya wa shaba kutoka ndani. Juu yake akayeyusha kipande cha beseni jeusi, kisha akasugua kwa msasa mpaka kidole hakikusikia kitu. Hivyo ndivyo alivyotushonea mabeseni tulipokuwa wadogo. Ulicheka, ukasema viraka ni vya maskini na Kolwezi utaweka mpya. Ukaondoka ukiapa kwamba hutakanyaga hapa yeye akiwa hai. Gertrude ameniambia hiyo mpya bado hujaipata.

Kiapo chako umekitimiza. Baba tulimzika Jumanne iliyopita.

Kifua ndicho kilichomuua, baada ya wiki mbili kitandani. Siku za kwanza alinisihi kila asubuhi nikuite uje, akuwekee mkono kichwani na kukuondolea laana ya yale magoti, kwa sababu aliogopa itakurudia wewe na watoto wako. Nikamwambia nimekupigia, umekataa. Alipouliza tena, nikamwambia umemtukana. Akageukia ukutani. Hakukutaja tena mpaka alipokata roho.

Sikukupigia hata mara moja.

Kikulacho ki nguoni mwako, yaya. Mimi ndiye niliyepasua gari lako. Ulipolala siku ile nilichukua ufunguo nijifunze kuendesha, nikagonga nguzo ya geti. Baba alikuwa ananitazama. Alisema, “Nyamaza, mutoto. Minye nitasema ni kinga yangu njo ilipasula.” Alijua ungenifukuza kwenye nyumba hii, maana hati yake iko kwa jina lako. Alipopiga magoti nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza. Na alipokuwa anakufa niliogopa kwamba akikuwekea mkono atakueleza yote, nikanyamaza tena.

Sasa nyumba ichukue. Sikuandikii ili unisamehe. Nimechoka kulia peke yangu, na kwa kuwa ukatili tuliufanya wawili, kilio nacho tugawane.

Ukimaliza kusoma, toka nje, ingiza mkono nyuma ya ile plastiki. Utaugusa waya wa shaba. Hapo ndipo mahali pekee alipokuachia mkono wake. Usiibadilishe.

Msalimie Gertrude, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda.

Mdogo wako,
Estelle