Medali Yangu Imeenda kwa Kaka

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimefika mahali hata machozi hayatoki. Nimetumia ujana wangu kuandika historia ya watawa wa kike wa kale wa huku Norfolk, Uingereza, nikisoma hati za Kilatini katika vyumba vya makanisa visivyo na moto mpaka vidole vikapasuka, na kitabu kilipotoka nilitia herufi ya kwanza tu ya jina langu na jina la ukoo, kama wanawake wenzangu wengi, kwa sababu historia yenye jina la mwanamke wahakiki huitupa bila kuifungua. Basi wakakisifu, wakamsifu "Bwana Thackwray," na Bwana Thackwray wanayemjua, bila kujali kwamba herufi ile si yake, ni kaka yangu Septimus, kasisi, ambaye mimi na mama tunaishi kwake, naye alipopewa hongera mezani hakukana, aliinamisha kichwa tu akajiongezea nyama ya kondoo. Sasa chama cha wanahistoria London kimempa medali, na ameipokea! Nilipomuuliza alisema, "Dada, wewe unakula kwangu kila siku. Mimi nikila sifa kidogo kwako, kuna ubaya gani?" Mama akadakia, "Mwanamke wa heshima hutajwa gazetini siku ya harusi na siku ya kuzikwa. Harusi imekupita, hiyo nyingine unaiharakia ya nini?" Kitabu cha pili kiko mtamboni, sura zote zimeshachapwa, nimechelewa kubadili jina, na nikifungua mdomo nitafukuzwa. Natamani kuchoma kila nilichoandika.

K. Thackwray, Norwich

Pole, dada yangu. Pole sana, na sasa nisikilize. Kaka yako ni mwizi, lakini mlango ulimwachia wazi wewe mwenyewe. Huchomi kitu! Ungewauliza wapiga chapa wangekuambia kwamba ukurasa wa jina huchapwa mwisho, sura zote zikishakwisha. Hujachelewa. Tafuta kwanza chumba cha kupanga, kwa mjane yeyote mwenye staha, kisha nenda mtamboni kwa miguu yako, usitume barua, wala usimuage Septimus. Mwambie msimamizi aweke jina lako zima. Sikudanganyi: nyumba hiyo utaipoteza, mama atanuna, na waliokusifu watakutukana. Medali hairudi. Utalia, tena sana, lakini utalilia kilicho chako.

Neno la mwisho. Nilitaka kukuita kwa jina, nikaipekua barua yako juu mpaka chini, nikakuta K. tu. Kumbe hata mimi umenificha. Niandikie tena, na safari hii anza na jina.