Mlango wa Darajani

Same Mjini,
Agosti 1997

Mpendwa dada Veneranda,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Lukasi na watoto, na kwamba homa ya yule mdogo imeondoka. Sisi huku hatujambo. Shangazi Beatha, ambaye bado nakaa kwake, analalamikia mgongo, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Baba na mama wako Vudee, wanasema maharage mwaka huu yamekubali. Cherehani yangu nayo haipumziki, maana tangu mitumba ijae sokoni watu wa Same wamegundua kuwa Wazungu ni wanene, na mimi ndiye ninayepunguza suruali zao.

Najua shangazi amekwisha kukuandikia habari za Raymond, na naijua kalamu yake. Sasa nisikilize na mimi.

Raymond ni yule kijana wa mzee Eliezeri wa Ugweno, aliyekuwa Dar es Salaam akiuza redio. Mwaka jana alirudi na televisheni na mashine ya gemu, akapanga chumba kile kinachopakana na baraza ninaposhonea. Vijana wakaanza kumiminika. Mtu analipa, anashika kidude chenye vitufe, anamwendesha kwenye kioo mtu mdogo mwenye taa. Michezo ya mpira na ya kupigana walichoka nayo upesi. Uliowashika ni mmoja tu, wa mtu anayezunguka katika mji uliobomoka akitafuta mlango wa kutokea. Umeme ukikatika, anaanza upya.

Dada, sijawahi kuona upuuzi uliovaa heshima namna ile. Katika mji ule kuna watu wanaosimama njiani, na ukiwafikia wanakupa dokezo kwa Kiingereza. Bibi mmoja kisimani anasema kwamba usiku una mlango kwa asiyeogopa kiu. Mzee wa getini anasema mkono wa kushoto hukumbuka. Unatafuta kiu, unatafuta mkono, unapiga kila ukuta, hakuna kitu. Bibi yetu alipokuwa akitutegea vitendawili jikoni, ukishindwa alikupa jibu nawe ukajipiga paji la uso, kwa sababu jibu lilikuwepo mbele yako muda wote. Hawa wa kwenye kioo hawana jibu. Wanaongea kama mtu aliyesahau alichotaka kusema na anaona aibu kukiri.

Na nani alikuwa akiwatafsiria vijana maneno hayo? Mimi. Kidato cha nne changu, ambacho serikali haikukihitaji kwa kuwa ilikuwa inapunguza hata wafanyakazi iliokuwa nao, kilipata kazi hiyo. Raymond aliniita niwasomee, akinisifu mbele yao kwamba Kiingereza changu ni cha redioni. Nikawa naacha suruali ya mtu kwenye mashine na kuingia kusoma.

Humo ndimo mambo yetu yalimoanzia, sikufichi. Lakini naye alikuwa anaongea kwa madokezo. Nikimwuliza wazee wake watakuja lini kuonana na baba, ananijibu kwamba milima imesimama na haina haraka. Nikimwuliza kama ananitaka kweli, anasema mwenye macho haambiwi. Nilikuwa nikiona ni mtu mwenye kina. Nilikaa kwenye cherehani nikiyachambua maneno yake kama wale mabwege walivyochambua ya bibi wa kisimani.

Bwege mkubwa kuliko wote alikuwa kaka yetu Filipo. Aliletwa mjini na ndizi na maharage ya nyumbani, akiyateremsha kwa baiskeli aliyonunuliwa na baba. Akauza mzigo, akaingia kuona kidogo. Tangu hapo akawa anashuka hata bila mzigo. Mwanamume mwenye ndevu, anakaa kwenye benchi mdomo wazi, anamzungusha mtu mwenye taa kisima hadi geti, geti hadi kisima. Kila alipokwama aliniita, nami nikamtafsiria tena maneno yaleyale, nikamwongezea na maana nilizozibuni mwenyewe. Nilimwambia labda kiu ni jangwa, ajaribu kule mchangani. Alikwenda.

Wakati wa kwaresima aliiuza baiskeli kwa mtu wa Ndungu. Fedha yote iliishia kwenye chumba kile. Nyumbani alisema ameibiwa. Nilikuja kulitambua hilo nilipomwona mama akiingia sokoni kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani, shingo imezama. Alisema hajambo, akaomba maji. Dada, sikuweza kumtazama.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Raymond alitembelewa na binamu yake Erasmo kutoka Arusha. Ilikuwa mchana, vijana wamejaa, na Filipo ndiye aliyeshika kidude, akiwa amekwama. Erasmo, wakati akingojea chai, alimwomba ajaribu. Hakumsogelea bibi wala mzee. Alimpeleka mtu wake kwenye daraja moja lililovunjika, akamchuchumalisha akiwa na kikombe kitupu mkononi, akakiweka kidude chini na kuanza kupuliza chai yake. Tukangoja. Muziki ukanyamaza, maji yakapanda, na mlango ukafunguka chini ya daraja.

Hakuna aliyedokeza daraja, dada. Hakuna aliyedokeza kikombe wala kuchuchumaa. Mtu gani aliyekaa mezani akatunga jambo hilo, kisha akaenda kulala akijiona ana akili?

Erasmo akacheka, akasema anatushangaa, mbona Raymond ndiye aliyemfundisha, tena zamani. Chumba kizima kikamgeukia Raymond. Naye akacheka.

Nikamwuliza, “Ulikuwa unajua?”

Akasema, “Koleta, nikiwaambia, kesho watarudi kufanya nini?”

“Hata Filipo alipouza baiskeli?”

“Filipo ni mtu mzima.”

Nilimgeukia Filipo nikidhani atainuka ampige, na ningemshikia shati. Unajua alichofanya kaka yako? Alimwomba Erasmo amrudishie kidude, aingie mlangoni kabla umeme haujakatika.

Nilitoka. Siku ya gulio, baraza likiwa limejaa watu, nilisimama nikatangaza kwa Kiswahili daraja ni lipi, kikombe ni kipi, na unachuchumaa mpaka muziki unyamaze. Waliochelewa niliwarudia. Mwezi haukwisha, chumba kikawa na inzi tu, maana ndani ya ule mlango kulikuwa na maneno ya pongezi na picha ya jua, basi. Filipo alipoona lile jua alikiweka kidude chini akatoka. Sasa yuko Ndungu, anavuna mpunga wa watu. Mama nilimweleza ukweli mimi mwenyewe. Aliendelea kukoroga makande, akaniuliza kama kaka yangu anakula.

Shangazi atakuwa amekuambia kwamba nimemharibia kijana wa watu biashara kwa wivu, na kwamba hata hivyo ana moyo mkubwa, kwa kuwa wazee wa Ugweno wamepeleka habari kwa baba wanakuja Jumapili ya baada ya hii. Hilo ni kweli. Asichokijua shangazi, wala baba, ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Raymond alinijia chumba kilipofungwa. Alisimama mbele ya cherehani akasema, “Nakupenda, nataka nikuoe.” Maneno matatu, hayana kisima wala mlima. Nilikuwa nimeyangoja karibu mwaka mzima. Na nakuungamia wewe peke yako, dada, kwamba nilimpenda, na hata pale nilikuwa bado nampenda, mpaka nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nikamwambia hapana. Akasema nina hasira, itapoa. Si hasira. Ningeweza kuishi na mwongo, wapo wengi na wanalea watoto vizuri. Huyu hakudanganya. Alikaa akimtazama ndugu yangu anakwisha, jibu liko mdomoni mwake, akanywa chai. Siku nitakapoumwa ndani ya nyumba yake, ataniambia mwenye macho haambiwi.

Yeye hakuwaambia wazee wake kwamba nimekataa. Anadhani mbele yao nitainamisha kichwa, na kimya changu kitahesabiwa kuwa ndiyo. Sitainamisha. Naogopa, kwa sababu baba ataaibika na mama amekwisha anza kuazima vyombo. Ukiweza kuja, njoo ukae karibu na mama. Usiponitetea, usinilaumu mbele yao, inatosha.

Nisalimie shemeji Lukasi na watoto, mwambie yule mkubwa gauni lake la komunyo nimelimaliza. Shangazi anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia. Mungu awalinde.

Jumapili hiyo nitawahudumia wageni chakula kwanza, washibe, kisha nitasema.

Ni mimi mdogo wako,
Koleta