Upepo wa Kusi na Gari la Kombani

Ukunda, Jumanne, Julai 1998

Siku nne zimepotea kwa huu mchezo wa kurusha ndege. Kila nikitua katika uwanja niliouchora mwenyewe kwenye kompyuta ya shule, ndege zinazoendeshwa na kompyuta zinanijia uso kwa uso. Mimi ninatokea kaskazini, zenyewe zinatokea kusini. Na Ijumaa mwalimu mkuu anakuja kutazama kama mashine hii ina maana yoyote.

Kumbe ndege hizo hutua zikiukabili upepo, na upepo wa mchezoni aliuandika Musyoka, mume wa dada yangu. Nilimwambia aweke upepo wa kusi. Akaweka unaotoka kaskazini.

Leo nimemfokea mbele ya mkewe. Kusi hutoka kusini, hata mtoto wa Diani anajua.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole wake wa kibara.

“Shemeji, gari la Kombani linatoka Kombani au linakwenda Kombani?”

“Linakwenda.”

“Basi upepo wa kusi nao nikauacha uende.”

Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Upepo nimeugeuza, ndege zimeshika adabu. Radhi nimemwomba.