Kiuno cha Wifi Kimeniletea Wasomaji

Mshauri wangu mpendwa, nishike mkono kabla sijazama, maana hapa nilipo hata sindano naitunga uzi kwa machozi.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea chenye dirisha la barabarani, na mwaka wa pili huu nina blogi ninayoandika mambo ya ushonaji, jinsi ya kutia zipu isijikunje, jinsi ya kukata bitana, mambo mazuri kabisa, lakini wasomaji walikuwa kumi na mmoja, na anayeacha maoni ni mmoja tu, wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye kila nikiandika anasema, "Hongera wifi, leo umenifundisha." Basi binti wa dada yangu akaniambia, "Mama mdogo, siku hizi watu hawaji kusoma hivi hivi, weka picha kule kwenye mtandao wa picha, uwatamanishe, wakitaka zaidi wabofye waje kwenye blogi," nikaweka picha ya vifungo, nikaweka nyuzi nimezipanga rangi rangi, watu wakabonyeza mioyo, mioyo mingi, lakini wa kubofya aje kusoma, mshauri, hakuna hata wa dawa!

Sasa wifi anaolewa na gauni nalishona mimi, naye amenenepa, si kosa lake, ni raha za uchumba, nimefungua ubavu mara mbili, na siku moja gauni limetundikwa dirishani mwanga umelipiga vizuri, nikasema hii ndiyo yenyewe, nikapiga picha nikaandika chini, "Bibi harusi huyu kiuno kimegoma! Kisa kizima kiko kwenye blogi," na jina sikulitaja, naapa, ila kile kikaratasi cha vipimo ninachokibana kwa pini kwenye kila kazi nilisahau kukitoa, nacho kimeandikwa kwa kalamu nene WIFI, kiuno 92 nimechora mstari, 98 nimechora mstari, 105. Kufika jioni wasomaji elfu tatu! Lakini shangazi zake wameona, mama mkwe ameona, wenzake kazini sasa wanamwita Mia na Tano, naye hapokei simu zangu, amekataa kuja kujaribu gauni, na harusi imebaki siku tisa na gauni halina mikono. Mume wangu anasema futa, lakini nikifuta wasomaji watakwenda zao, na wengi wanauliza sehemu ya pili lini. Nifanyeje nimrudishe wifi bila kuwapoteza hawa?

Ni mimi, Fundi Mwenye Blogi. (Anwani ya blogi iko hapa chini, tafadhali msiikate.)

JIBU

Fundi, tumeikata.

Nakuhurumia, lakini kidogo. Kuandika miaka miwili ukisomwa na watu kumi na mmoja kunauma, na ushauri wa binti ulikuwa mzuri tu. Picha nzuri humfanya mtu atake kujua zaidi. Wewe ukamvua wifi yako nguo dirishani, kisha ukaita wapita njia. Eti jina hukulitaja! Hebu niambie, una mawifi wangapi wanaoolewa mwezi huu?

Na hao elfu tatu unaowaita wasomaji, ni nani kati yao aliyeuliza habari za zipu? Wamekuja kucheka, na wakishacheka wanaondoka, na ili warudi itabidi uwatafutie kiuno kingine. Mama mkwe wako ajiandae. Msomaji ulikuwa naye mmoja, yule wa "leo umenifundisha", na ndiye uliyemwanika. Barua yako imehesabu mioyo, imehesabu watu, imehesabu sentimita, lakini hujaandika hata mara moja kama wifi alilia.

Sasa sikiliza. Futa picha hiyo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa, na kile kisa cha kwenye blogi kiende nayo. Usitangaze msamaha mtandaoni, maana nakujua, utauwekea picha. Nenda kwake mwenyewe, na gauni mkononi. Mwambie, "Wifi, nimekukosea," unyamaze. Ile ya "lakini jina sikulitaja" imeze. Akikufukuza, rudi kesho, na kesho kutwa. Akikufungulia, mpime chumbani kwake, mlango umefungwa, vipimo uvishike kichwani. Akikataa kusamehe, mikono ya gauni ishone vilevile. Hawezi kuolewa akiwa na gauni nusu kwa sababu ya umbea wako.

Blogi yako nayo usiizike. Ukitaka picha za kuvuta watu, piga picha makosa yako mwenyewe, suruali uliyoshona mguu mmoja mrefu, bitana uliyoigeuza nje ndani, halafu kwenye blogi waeleze ulivyoirekebisha. Watakaobofya watakuwa ishirini, na watakuwa wamekuja kujifunza.

Na siku ya harusi, kama bado utaalikwa, simu iache nyumbani.